Mkato Chini ya Mkunjo

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, wenye vifua vikubwa na wenye vifua vya wastani, kwamba hii ni taarifa rasmi, kamili na ya kweli tupu kuhusu Sakata la Kadi Saba. Haikutiwa chumvi. Imeandikwa kwa uadilifu mkubwa na mtu ambaye hakuhusika hata kidogo. Imeandikwa pia nyuma ya daftari la Kemia, kwa kuwa daftari la Historia limejaa michoro ya mwalimu wa zamu akiwa na masikio ya punda.

Tuanze.

Palikuwa na mtu mjini aliyeitwa Kinanda. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limeshapotea kwenye mafaili ya polisi. Aliitwa Kinanda kwa sababu ukimbonyeza popote anatoa wimbo. Mbonyeze habari za viwanja, utasikia wimbo. Mbonyeze habari za dawa ya upara, utasikia wimbo na kiitikio. Aliwahi kuwauzia watu mabati yasiyopata joto, na waliponunua wakakuta yanapata joto, aliwaambia hilo ni joto la zamani linatoka. Wakamshukuru. Tusimwite mwizi. Mwizi huchukua; Kinanda alikuwa akipewa.

Jumatatu moja asubuhi Kinanda alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya upasuaji wa urembo. Hakuwa mgonjwa. Alifuata kiyoyozi na yale maji baridi ya bure ya kwenye dumu. Alikuwa anameza kikombe cha nne mlango wa daktari ulipofunguka, wakatoka wanawake wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene, kila mmoja ameshika kadi ya rangi ya waridi.

"Mimi nilidhani kazi ya kuchagua ni ukubwa tu," alisema yule mrefu. "Kumbe na mlango wa kuingilia nichague mwenyewe!"

"Si ndiyo hapo, shoga yangu. Sehemu nne! Chini ya titi, kwenye mkunjo. Kuzunguka duara la chuchu. Kwapani. Au kitovuni."

"Kitovuni? Mifuko ya kukuza kifua inaingilia kitovuni?"

"Daktari amesema hiyo ni nadra, na yeye hataipendekeza, ila kadi imeiandika. Inabidi uitie alama mwenyewe, uirudishe Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Usiporudisha, nafasi yako imekwenda, mpaka aje tena mwakani."

"Kadi yenyewe haina hata jina langu."

"Ni ya siri hiyo. Namba tu na muhuri. Ili mume, mama mkwe na jirani wasijue. Wewe ukifika na kadi, unapokelewa. Basi."

Kinanda aliacha kumeza. Maji yalimsimama shingoni kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Daktari bingwa alikuwa anakuja mjini mara moja kwa mwaka, wiki mbili tu, na kutoa kadi kumi na mbili. Wanaozitaka walikuwa zaidi ya mia. Na kadi haina jina! Anayefika nayo ndiye mwenyewe! Kinanda alizijua nyumba kubwa za upande wa pili wa mji, ambako mabibi walikuwa wamekosa nafasi na kununa tangu mwaka jana. Hapo hapo kwenye benchi alipata wito wa kitabibu, kama wengine wanavyopata mafua.

Kufikia Jumanne asubuhi alikuwa na chumba juu ya duka la fundi viatu, meza moja, viti viwili, pazia la bluu, na kibao mlangoni: MSHAURI BINGWA WA SEHEMU YA MKATO. USHAURI NI BURE. Neno bure lilikuwa kubwa kuliko mengine yote, na hapo ndipo watu wangeshtuka kama watu wangekuwa na kawaida ya kushtukia vitu vya bure. Ukutani palikuwa na mchoro wa kifua cha binadamu wenye mishale. Mwilini alikuwa na koti jeupe la kitaalamu. Mchoro na koti alivipata kwa njia ambazo historia haikuzihifadhi, na wasomaji wenye heshima hawataulizauliza.

Mteja wake wa kwanza alikuwa yule mrefu wa kwenye benchi. Kazi yake ni kuongoza kwaya. Hata akiomba chumvi mezani mikono inapanda na kushuka.

"Karibu, dada yangu," alisema Kinanda, akiutazama mchoro na si mgeni, kwa hadhi. "Usiniambie shida yako. Ngozi yako imeshaniambia tangu ukiwa kwenye ngazi."

"Imesema nini?"

"Imesema ina wasiwasi. Ngozi ina kumbukumbu, dada. Ukiikata pasipo pake inakununia maisha. Unafanya kazi gani?"

"Naongoza kwaya."

"Basi wewe ni kwapani. Moja kwa moja."

"Kwapani? Lakini mimi kutwa nimenyanyua mikono! Waimbaji arobaini wananitazama makwapa!"

Mtu wa kawaida angeteleza hapo. Kinanda alitabasamu kwa huruma, kama mwalimu mbele ya mwanafunzi anayekaribia jibu.

"Ndiyo maana, dada. Mahali panapotazamwa na watu arobaini hapawezi kuwa na siri. Nani atashuku? Siri hufichwa peupe."

Mwongoza kwaya alifikiri. Halafu akaona fahari kuelewa.

"Sasa kadi utaniachia," Kinanda aliendelea, akinyoosha mkono bila kuutazama, "ikapigwe muhuri wa pili. Muhuri wa eneo. Bila huo, siku ya siku daktari anaweza kukukata popote. Njoo uichukue Ijumaa saa mbili asubuhi."

Akaiacha. Akashukuru. Akashuka ngazi, na huko chini akawaambia wenzake kwamba kuna mtaalamu ambaye hajapata kuona mfano wake, mpole, na tena hachukui hata senti.

Kufikia Jumatano mchana walikuwa wamepanda ngazi zile wanawake sita. Mwalimu wa kuogelea aliambiwa akatwe kuzunguka chuchu, kwa kuwa duara halina mwanzo wala mwisho, na maji yanapenda duara. Mpishi wa keki aliambiwa mkunjo, kwa kuwa anakunja unga. Bibi mmoja aliyeuliza kwa upole kama akikatwa kwenye chuchu ataweza kunyonyesha baadaye, kwa maana daktari alisema hapo kuna mirija ya maziwa na inaweza kuathirika, alijibiwa kwamba maziwa yana akili, yatatafuta njia. Kila mmoja aliacha kadi yake. Kinanda alizitia zote katika mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akaufunga kifungo, juu ya kifungo akachoma pini tatu za kubania, na juu ya pini akazungushia uzi mwekundu wenye fundo lake mwenyewe. Mtu anayewaibia wengine hulala na hofu ya wezi.

Alhamisi saa kumi jioni alikuwa na miadi. Bibi mmoja mwenye gari jeusi, kwa niaba yake na rafiki zake sita, angemngojea kwenye ukumbi wa hoteli. Alitaka kadi saba. Kinanda alikuwa na sita.

Ndipo akaja Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo za harusi, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwenye goti moja bovu, na macho yanayoweza kuona uzi uliochomoka upande wa pili wa barabara. Amewanyonyesha watoto watatu, na wote walinyonya kana kwamba kuna kikombe cha mshindi. Kwa miaka ishirini ameshona sponji kwenye magauni ya mabibi harusi wa mji mzima. "Nimewagawia watu vifua mpaka changu kikaisha," alikuwa akisema. Katika duka lake, kwenye kona, lilining'inia gauni la kijani alilojishonea miaka minane iliyopita, lenye vifungo vilivyofunikwa kitambaa kile kile. Hakuwahi kulivaa. Kila akilijaribu, sehemu ya kifua ilibaki imesimama peke yake, tupu, kama mabakuli yanayongoja mchuzi. Mumewe alimwambia yuko sawa alivyo. Fundi akamjibu, "Mimi na wewe hatuna ugomvi, baba. Ugomvi wangu ni na lile gauni." Mwaka uliopita alichelewa foleni kwa mtu mmoja tu. Mwaka huu aliamka alfajiri, akapata kadi namba tisa.

Alikuwa akikaa pia na mtoto wa kaka yake, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Binti mpole, mtiifu, msafi wa moyo, ambaye hatutamtaja tena kwa sababu hana umuhimu wowote katika taarifa hii.

Mwongoza kwaya ndiye aliyempeleka Fundi, akimsimulia njia nzima kwamba ngozi ina kumbukumbu. Alhamisi saa tatu asubuhi Fundi akapanda ngazi zile moja moja, akilikemea goti.

"Mama, karibu sana," alisema Kinanda, na moyoni akaona namba saba. "Kazi yako?"

"Fundi wa kushona."

"Basi wewe ni kitovuni."

Fundi alilinyoosha goti lake. "Hebu nisaidie, mwanangu. Mimi nikitaka kutia sponji kwenye kifua cha gauni, nipitishie kwenye pindo la chini?"

"Gauni ni gauni, mama. Mwili ni mwili. Kitovu ndicho mlango wa kwanza wa binadamu. Sote tuliishi kwa kitovu miezi tisa. Mwili unakikumbuka."

"Safari ndefu hiyo, kutoka kitovuni."

"Mwendo ni dawa."

Fundi alicheka, maana hata uongo ukishonwa vizuri una raha yake. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho, na usiku kucha alikuwa amegeuzageuza vile vyumba vinne vya kutia alama kwenye kadi bila kuamua. Akiona mkunjo anasema ndiyo, akisikia kwapani hapaachi kovu kifuani anasema labda. Mtu aliyechoka kuamua humshukuru yeyote anayemwamulia. Akamnyooshea kadi namba tisa.

Kinanda akafungua uzi, akachomoa pini, akafungua kifungo.

Na Fundi akakiona kifungo.

Kilikuwa cha kijani. Kimefunikwa kitambaa. Duniani palikuwa na vifungo vinane vya namna hiyo, na saba vilikuwa kwenye gauni kwenye kona ya duka lake. Akatazama vizuri. Koti la daktari gani lina mfuko wa ndani? Akatazama bitana. Akatazama mshono. Mshonaji huujua mkono wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe gizani. Koti lile alilishona yeye, kwa ajili ya maabara ya shule, si ya hospitali, na mfuko ule wa ndani aliuongeza kwa siri ili mtu fulani afiche biskuti zisionwe na matroni.

Kadi namba tisa ikazama. Kifungo kikafungwa. Pini moja, mbili, tatu. Uzi mwekundu. Fundo.

Fundi angeweza kupiga kelele. Lakini kati yake na barabara palikuwa na ngazi ishirini na mbili. Kinanda alikuwa na miguu miwili mizima na yeye alikuwa na mmoja na nusu. Akameza kelele yake, akainamisha kichwa upande, kama anavyomtazama bi harusi aliyetoka nyuma ya pazia akiwa amebakiza kidogo tu kupendeza.

"Daktari," alisema. "Niwie radhi. Mtu wa hadhi yako, bega limeanguka hivi?"

Kinanda akajitazama bega. "Limeanguka?"

"Na mkono umekupita. Watu hawatasema kitu, watakuheshimu hivyo hivyo. Ila mabibi wakubwa, wale wenye macho, huanza kumtazama mtu begani."

Kinanda aliona gari jeusi. Aliona ukumbi wa hoteli.

"Linarekebishika?"

"Nusu saa. Na kwa kuwa hukunitoza ushauri, nitakupima na kizibao cha ndani, zawadi. Njoo saa nane. Ushauri wako bure, na mimi mkono wangu bure."

Neno bure, wapendwa, halina rafiki. Lilimpeleka Kinanda saa nane kamili.

Fundi alimpandisha kwenye kile kigoda wanachosimama mabibi harusi, mbele ya kioo kirefu. Akamwambia avue koti. Kinanda akalivua, lakini akalishikilia.

"Lina vitu vyangu vya kitabibu."

"Basi nitalishonea hapa hapa mbele ya macho yako, hatua tatu. Nyoosha mikono, mwanangu. Kama ndege."

Akalipokea koti, akamzungushia kitambaa cha kizibao kifuani. Kisha akaanza kukichoma pini: ubavuni, kwapani, mgongoni, shingoni. Kumi, ishirini, arobaini. Kila pini ilitazama ndani.

"Mama, mbona nyingi?"

"Wewe si mtu wa pini chache. Usitikisike tu. Ukiinama zinaingia, ukigeuka zinaingia, ukicheka ndiyo usiseme."

Kinanda akasimama mikono imenyooka, akijitazama kwenye kioo, na kwa kweli alipendeza. Kioo kilikuwa mbele yake. Cherehani kilikuwa nyuma yake, kushoto, ukutani, na kwenye kioo alikuwa anamwona Fundi mgongo tu.

Fundi akalilaza koti mezani, na hapo, mabibi na mabwana, ukaanza upasuaji.

Swali lilikuwa lile lile la wiki nzima: mkato uwe wapi? Kifungoni haifai, pana pini tatu na fundo, ukipagusa mwenyewe anajua. Kuzunguka mfuko, pale kitambaa kinapobadilika rangi, mshono ungejificha kwenye mpaka, lakini pale ndipo mkono wa Kinanda ulipozoea kupapasa kila dakika. Kwapani? Kwapani pangekuwa safi, hakuna alama kifuani, ila ni mbali, ungeingiza vidole bila kuona unachoshika. Pindoni chini ndiyo kitovu chenyewe, ungefika mwakani. Fundi akaigeuza bitana. Chini kidogo ya mfuko, nguo ilikuwa imejikunja yenyewe kwa uzito wa kadi, mstari mmoja laini, kama tabasamu.

Usiku kucha alikuwa hajaamua. Sasa aliamua kwa muda wa kuuma uzi.

Wembe mdogo ukapita kwenye mkunjo, upana wa vidole vitatu. Kadi zikatoka moja moja, saba, waridi, zikaangukia kwenye kapu la vitambaa. Mahali pake zikaingia kanvasi saba, vile vitambaa vigumu vya kola, zilizokatwa kwa kipimo cha kadi. Akapapasa. Ilikuwa bapa kidogo. Akachukua kikombe kimoja cha sponji, cha sidiria ya harusi, akakitia juu kwa heshima. Kisha sindano nyembamba kuliko zote, uzi mweupe usiong'aa, mshono wa kuficha.

"Mama, unashona bega muda wote huo?" aliuliza Kinanda, bila kugeuka.

"Bega la mtu mkubwa halishonwi haraka."

"Naona kimya sana huko."

"Mwanangu, mimi nikifanya kazi siongei. Tofauti na taaluma nyingine."

Bega nalo akalishona, kwa kweli. Mtu mwaminifu hafanyi ahadi nusu. Kinanda alipovishwa koti alipapasa kifua. Pini tatu, zipo. Uzi, upo. Fundo lake mwenyewe, lipo. Na kifua kilikuwa kimejaa vizuri kuliko asubuhi. Akadhani ni bega limekaa sawa. Akapiga saluti mbele ya kioo, akaondoka, kifua mbele.

Yaliyotokea hotelini hatukuyashuhudia, ila yalisikika mpaka jikoni. Bibi wa gari jeusi alikuwa na mabibi sita na sahani ya keki. Kinanda alisema maneno matamu kwa robo saa juu ya uhaba. Akafungua uzi kwa madaha, pini, kifungo, akatia mkono, na mbele ya wanawake saba akatoa kikombe kimoja cha sponji. Akatia mkono tena, akatoa kanvasi ya kola. Na nyingine. Na nyingine. Mpaka saba. Juu ya ile ya mwisho palikuwa pameandikwa kwa chaki ya fundi: *Ngozi ina kumbukumbu.*

Bibi wa gari jeusi alimpiga kwa keki. Inasemekana alikuwa na shabaha nzuri.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, wanawake saba walikaa dukani kwa Fundi, kila mmoja na kadi yake mkononi, wakicheka mpaka mwongoza kwaya akaanguka kwenye marobota.

"Haya, Fundi, tuambie wewe," alisema mpishi wa keki. "Tukate wapi?"

"Mtoke hapa!" Fundi alijibu. "Mimi najua nguo, si nyama. Mtu mmoja amewaamulia wote mkaona alivyowapeleka. Kila mtu aandike maswali yake, kesho akamuulize mwenye kisu. Anayetaka kunyonyesha amuulize ya maziwa. Anayenyanyua mikono amuulize ya kwapa. Mimi changu nimekijua."

Akachukua kalamu, akatia alama kwenye chumba cha kwanza: chini ya titi, kwenye mkunjo. Ijumaa saa nne asubuhi kadi zote zilikuwa mezani kwa daktari.

Na hapo taarifa yetu ingeishia, kwa ushindi, kama si Ijumaa saa tisa alasiri.

Saa hiyo mlango wa duka ulisukumwa, akaingia Kinanda, koti kwapani, chembe za keki bado sikioni. Fundi alishika mkasi. Lakini Kinanda hakuja kwa ugomvi na Fundi. Aliweka koti mezani mbele yake kama mtu anayerudisha redio mbovu.

"Mama, wewe ndiwe mtu mkweli pekee niliyekutana naye mji huu," alisema. "Hebu nitazamie koti hili. Lina mauzauza. Vitu vinaingia hivi vinatoka vile. Nimeligeuza usiku kucha, pini zangu zilikuwepo, fundo langu lilikuwepo, sioni tundu, sioni mshono, sioni kovu!"

Fundi alivaa miwani. Akalitazama mbele na nyuma, kwa muda mrefu, kwa uso wa msiba.

"Hata mimi sioni," alisema.

"Basi ni la kichawi. Nataka nirudishiwe spika zangu za masikioni."

"Na nani?"

"Na yule binti aliyenipa koti. Tulibadilishana. Ndiye pia aliyenisomea kipeperushi cha daktari nilichochukua kliniki, neno kwa neno, na kunichorea ule mchoro wa kifua. Alisema anakaa... anakaa..." Kinanda akainua macho, akatazama nyuma ya pazia la kujaribia nguo, palipokuwa pamechomoza miguu miwili yenye soksi za shule. "Anakaa hapa?"

Fundi akaweka mkasi mezani.

"Toka," alisema Shangazi.

Nikatoka.

Ndiyo. Ni mimi. Niliandika juu kwamba mwandishi hakuhusika. Neno hilo lisomwe upya kwa huruma. Nilimwambia Shangazi koti limepotea bwenini kwenye kufua. Nililibadilisha kwa spika za masikioni, na moja ilikuwa haitoi sauti, kwa hiyo hata mimi nilitapeliwa, ingawa Shangazi alisema hilo halihesabiki. Kinanda aliniambia ni kwa ajili ya igizo. Sikuamini, lakini nilitaka kuona kama watu wazima wanaweza kumwamini mtu kwa koti. Nikakaa nyuma ya pazia la bluu Jumanne nzima na Jumatano nzima, nikiuma ngumi nisicheke. Alhamisi alipopanda Shangazi mwenyewe na kutoa kadi namba tisa, kicheko kiliniishia. Ila sikutoka. Hilo ndilo nisilopenda kuliandika.

"Ulijua?" nilimuuliza, Kinanda alipokwisha kwenda na spika zake, hata ile isiyotoa sauti.

"Tangu kifungo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uje mwenyewe. Nimengoja tangu jana asubuhi. Una miguu mizuri kuliko mimi, lakini hukuja."

Shangazi alinisukumia koti. "Tafuta mshono." Nikatafuta saa nzima, dirishani, kwa sindano, kwa ukucha. Sikuuona. Akaniwekea kidole changu juu yake, chini ya mkunjo, na bado sikuuona.

Adhabu yangu ni vitundu vya vifungo mia mbili na arobaini, kwa mkono, mpaka shule ifunguliwe. Koti langu jipya halina mfuko wa ndani. Niliuliza biskuti nitaficha wapi, akasema tumboni.

Shangazi alilazwa Jumatano iliyofuata. Daktari alikubaliana naye mahali pa mkato, na aliporudi nyumbani amefungwa bandeji, akitembea kama mtu aliyebeba mayai, jambo la kwanza aliomba sindano, uzi wa kijani, na koti la zamani. Akanipa mimi. Nikakifumua kile kifungo cha mfuko wa biskuti, nikakirudisha kwenye gauni, nafasi ya tatu kutoka juu, ambayo ilikuwa wazi miaka yote hiyo nami sijawahi kuuliza kwa nini.

Nilishona mara nne. Mara tatu alinifumulisha.